Ukoko Mweupe Kwenye Sufuria

Usigeuze uso. Wewe unayeusoma ukurasa huu umezoea kugeuza uso, na mazoea yana taabu. Uligeuza uso siku josho la kijiji lilipokabidhiwa bwana mmoja mwenye suti, na dawa ya kupe ikaanza kufanana na maji ya kuoshea vyombo. Mbegu za alizeti zilipokataa kuota, ukasema ni mvua. Ulipouziwa betri za redio zilizokufa kabla ya taarifa ya habari kwisha, ukasema ni bahati mbaya. Soko lilipofunguliwa tuliambiwa kwamba ni ruksa kuuza na ni ruksa kununua. Hakuna aliyetuambia kwamba ni ruksa pia kuuliza, na wewe hukuuliza. Ulilipa, ukashukuru, ukaondoka huku unatazama pembeni.

Wahenga hawakutazama pembeni. Walisema: mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Mjinga wa methali hii si mpumbavu. Ni mtu ambaye hajaambiwa tu. Na mwerevu wake si msomi. Ni yule anayenenepa kwa sababu wenzake hawajaambiwa, kama kupe anavyonenepa kwenye sikio la ng'ombe. Unene wake una siku zake. Siku hizo zilivyokwisha kwa mwerevu mmoja wa mjini Singida ndiyo habari yenyewe. Sikiliza, na safari hii tazama mbele.

Mwaka wa elfu mbili na tano, katika eneo la Mwankoko, pembezoni mwa mji, aliishi binti mmoja aitwaye Eliana. Alikuwa na kamera moja, kompyuta moja na chumba kimoja cha kupanga chenye paa la bati. Chumba hicho alikiita studio, na watu nao wakakiita hivyo kwa heshima. Humo alitengeneza filamu za harusi, za ubarikio na za kwaya. Kazi ilimpenda naye akaipenda, wala hakuwa na makuu.

Siku moja ya Ijumaa alifika mgeni aliyevaa koti la mvua ingawa mvua haikuwapo. Alikuwa Simoni, katibu wa kamati ya kijiji kimoja cha upande wa Mungaa. Eliana alimfahamu, kwa kuwa wiki tatu kabla alikuwa ameitwa kijijini huko kupiga picha wazee wakizunguka lambo la kunyweshea mifugo. Lambo hilo walilichimba wenyewe zamani kwa majembe na makarai. Sasa ilikuwa imetoka karatasi ikisema kwamba halina mwenyewe na kwamba limepata mwekezaji.

"Dada Eliana," Simoni alisema baada ya salamu, "tumepangiwa siku. Ni Alhamisi. Kamati ya ardhi itatusikiliza saa nne asubuhi."

"Alhamisi hii inayokuja?"

"Hiyo hiyo. Na Mzee Alute tumemzika juzi."

Eliana alishika mdomo. Mzee Alute ndiye aliyezungumza mbele ya kamera kuliko wote. Alikuwa amesimama juu ya jiwe la mdomo wa lambo, fimbo mkononi, akataja jina la kila mtu aliyebeba mawe, familia kwa familia, bila kukosea. Daftari la kijiji lililokuwa na majina hayo lilikuwa limeliwa na mchwa. Ushahidi uliobaki duniani ulikuwa mle ndani ya kompyuta ya Eliana, haujaunganishwa wala kutolewa kwenye CD.

"Nusu saa tu inatutosha," Simoni alisema. "Mzee aseme. Akishasema yeye, sisi tutanyamaza."

"Atasema," Eliana alimjibu. "Nenda na amani, kaka."

Lakini amani yenyewe ilikuwa haba. Kuunganisha picha ni kazi nyepesi; kazi ngumu huja mwishoni, pale kompyuta inapolazimika kuzichemsha zote pamoja ziwe filamu moja. Watu wa kazi hiyo husema kompyuta "inapika". Na kompyuta ya Eliana ilikuwa haipiki tena. Kila ilipofika dakika ya kumi na moja, ilizima ghafla kama mtu aliyepigwa rungu. Alipofungua boksi lake na kuligusa lile bati dogo lililokaa juu ya prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, alirudisha kidole haraka na kukiweka mdomoni. Feni ndogo iliyotakiwa kupoza ubongo huo ilikuwa imechoka kwa vumbi na upepo wa Singida, inazunguka kivivu. Aliipiga brashi. Akaleta na feni ya mezani akaielekeza kwenye boksi. Wapi! Dakika ya kumi na moja ilipofika, giza. Studio nyingine mjini ilikuwa moja tu, na mwenyewe alikuwa amesafiri kwenda Dodoma na ufunguo wake.

Jumamosi asubuhi Eliana alipitia kwa shangazi yake. Kwenye ukoo wao hakuna aliyenunua kitu chenye injini, pampu au feni bila shangazi huyo kukitia mkono kwanza. Jina lake Dorika. Aliishia darasa la nne, lakini kwa miaka kumi na minane alikuwa ameendesha mashine ya kusaga yenye injini ya dizeli, ile injini inayopozwa kwa pipa la maji. Alijua homa za injini kama mkunga ajuavyo matumbo. Tena alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: pipa la mashine lilitiwa maji ya mvua peke yake, yaliyokingwa kwenye bati na kufunikwa. Maji ya kisima cha Mwankoko yana chumvi na chokaa, alisema, yanaziba mishipa ya injini kama ukoko unavyoshika birika. Wakati mmoja askofu alipita, chai ikapikwa kwa maji ya kisima huku pipa la mvua limejaa tele. Watu walipomlaumu, alijibu, "Askofu atanisamehe. Injini haijui kusamehe."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana kama kitenge cha jana?"

Eliana alimweleza. Dorika akajifuta unga mikononi, akajifunga khanga vizuri, wakaenda.

Duka lilikuwa karibu na stendi. Mwenye duka aliitwa Joshua, ila alipenda kuitwa Injinia, na kadi za jina lake ziliandikwa hivyo pande zote mbili. Alikuwa kijana mtanashati, mdomo wake asali. Dirishani mwa duka lake kulikuwa na kitu kilichowasimamisha wapita njia: chupa ya kioo yenye taa ndani, mipira miwili inayong'aa, na maji ya buluu yakizunguka taratibu kama yamerogwa.

"Mambo vipi, mama," Joshua alimsalimu Dorika, mwanamke aliyelingana na mama yake mzazi.

"Marahaba," Dorika akaitika kwa upole, kana kwamba amesalimiwa vizuri.

Eliana alieleza shida yake. Joshua alitikisa kichwa kama daktari mbele ya mgonjwa mwenye mali. "Feni za aina yako zimekwisha Dar nzima, dada. Na hata ningekuwa nayo nisingekuuzia, ningekudhulumu. Prosesa za siku hizi zina hasira. Kwa kazi ya filamu unahitaji kipozeo cha maji." Akaelekeza mkono dirishani. "Hiki hapa. Pampu inasukuma maji juu ya prosesa, yanabeba joto, yanakwenda kulimwaga kwenye rejeta, yanarudi. Hiki kimetembea hapa dirishani tangu Pasaka, mchana kutwa. Watoto wa shule wanachelewa masomo kwa kukitazama."

"Tangu Pasaka?" Dorika aliuliza. "Kwa maji gani?"

"Siyo maji tu, mama. Ni dawa. Imetoka Ulaya." Alinyanyua chupa ya buluu kutoka rafu iliyojaa chupa kama hizo. "Joto la hapa linaikausha, kwa hiyo kila wiki mbili anakuja kwangu kuchukua chupa nyingine. Mimi sitoroki, nipo."

"Na pampu ikifa, atajuaje?"

"Mama..."

"Mpira upi unapeleka na upi unarudisha?"

Joshua aliwatazama wateja wengine waliokuwa wameegemea meza, akawakonyeza. "Bimkubwa, hii si mashine ya kusagia mtama. Hii ni sayansi. Ukianza kuihoji kama pipa lako, tutafunga duka hujamaliza."

Wateja wakacheka. Dorika naye akacheka, maana utani mzuri aliutambua hata ukimlenga yeye. "Haya, baba. Na kile cheusi kule juu?" Alikielekeza kwa kidevu. Juu kabisa ya rafu, ndani ya boksi lenye vumbi, kilikuwapo kipozeo kingine. Hakikuwa na kioo wala taa, kilikuwa cheusi tii kama sufuria ya msibani.

"Kile? Kimefungwa kiwandani moja kwa moja. Huwezi kukiongezea kitu maisha yake yote. Hata ukikitazama, utajuaje kama kina maji? Najuta kukiagiza."

"Kisichoongezwa kitu," Dorika alisema polepole, "mwenye duka atamuuzia nini mteja kesho?"

Eliana alikuwa anaona haya. Alimpenda shangazi yake, lakini khanga ile yenye unga katikati ya vioo na taa ilimfanya atamani ardhi impokee. "Shangazi, Injinia ndiye mtaalamu," alinong'ona. "Na mimi nina siku nne tu."

"Kompyuta ni yako, mwanangu," Dorika alisema. "Mkono wangu nimeutia. Ulimi nauficha."

Basi Eliana akachukua chenye taa, pamoja na chupa ya dawa. Joshua alikitoa dirishani kwa mikono yake, akaja mpaka studio, akakifunga huku anapiga mluzi.

Jumapili baada ya ibada, furaha ilikuwa kubwa. Maji ya buluu yalizunguka, taa zikawaka, watoto wa jirani wakajazana mlangoni kama nzi kwenye jipu. Kompyuta ilipika kwa majaribio hadi dakika ya arobaini bila kuzima; filamu nzima, inayotaka saa kadhaa, aliiachia Jumatatu, na Eliana akajiona ameula. Kumbe alikuwa ameula wa chuya. Jumatatu ilizima dakika ya ishirini. Alikimbilia dukani. "Dawa imepungua," Joshua alimwambia bila kuinua macho. "Ongeza chupa." Aliongeza. Jumanne ilizima dakika ya tisa, kabla hata ya ile kumi na moja ya zamani. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Jumanne hiyo, adhuhuri, Dorika alimletea unga wa mtama. Alimkuta binti amekaa sakafuni, kichwa kati ya magoti, na taa za buluu zikimeremeta juu yake bila aibu.

"Alhamisi nitamwambia nini Simoni, shangazi? Mzee wa watu yumo humu ndani na siwezi kumtoa."

Dorika hakusema pole. Aliweka unga chini, akapiga magoti kando ya boksi na kushika mipira miwili kwa wakati mmoja, mmoja kila mkono, jinsi alivyoshika mabomba ya pipa lake kila asubuhi. Akafumba macho.

"Washa."

Eliana aliwasha. Dakika zikapita.

"Huu unachoma kama uji," Dorika alisema. "Na huu ni wa baridi kama pua ya mbwa. Maji hayatembei, Eliana. Pampu inalia lakini haisukumi kitu. Mishipa imeziba."

"Itaziba vipi na dawa ya Ulaya?"

Swali hilo lilimfanya Dorika akae kitako. Alikumbuka kitu ambacho hakupenda kukikumbuka. Mwaka wa tisini na nne josho la kijiji kwao lilikuwa limetoka mikononi mwa wananchi, na mwenye josho mpya aliuza dawa yenye rangi nzuri kuliko ile ya zamani. Watu waliisifu rangi. Ng'ombe kumi na wanne wa baba yake waliogeshwa humo kila Jumanne, na wote kumi na wanne walikufa kwa ndigana, homa iletwayo na kupe, mmoja baada ya mwingine, miili yao bado ina rangi ya dawa. Baba yake hakuuliza. Aliona haya kumuuliza mtu aliyevaa suti.

"Lete sufuria tatu," Dorika alisema. "Na jiko."

Sufuria ya kwanza alitia kikombe cha maji ya mvua kutoka pipa lake. Ya pili, kikombe cha maji ya kisima. Ya tatu, kikombe cha dawa ya Ulaya. Alizichemsha moja baada ya nyingine, kila moja mpaka ikakauka kabisa. Sufuria ya mvua ilibaki safi kama ilivyooshwa. Ya kisima ilibaki na ukoko mweupe wa chumvi na chokaa. Ya dawa ilibaki na ukoko ule ule, unene ule ule, ila huu ulikuwa na madoa ya buluu. Dorika alikata ndimu, akakamua tone kwenye ukoko wa kisima, ukatoa povu. Akakamua tone kwenye ukoko wa dawa, nao ukatoa povu. Kisha akainama akaunusa.

"Harufu hii unaijua," alimwambia Eliana.

Eliana alinusa. Macho yakamtoka pima. "Buluu ya kufulia shuka!"

"Buluu ya shuka na maji ya kisima. Na kipozeo chenyewe kimeyanywa maji hayo dirishani tangu Pasaka. Wewe umeuziwa mgonjwa, mwanangu, kwa sababu alikuwa amepambwa."

Eliana aliruka juu, anataka kwenda kuvunja kioo cha duka. Dorika alimvuta upindo wa gauni. "Kaa. Ukienda na hasira watasema una wazimu. Tutakwenda na sufuria. Kabla ya hapo, nipe kamba nipime boksi lako."

Jumatano saa mbili asubuhi walisimama mbele ya duka karibu na stendi. Joshua aliitazama sufuria, akaitazama khanga, akatabasamu lile tabasamu lake.

"Bimkubwa, leo umeniletea chai?"

"Nimekuletea ukoko," Dorika alisema, na akaueleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayemwambia mteja unga wake uko tayari. Wapita njia walianza kupunguza mwendo.

"Umetia chumvi mwenyewe!" Joshua alipaza sauti. "Mama wa mashine ya kusaga aje kunifundisha mimi kompyuta?"

"Inawezekana nimetia. Basi nipe chupa nyingine kutoka rafuni kwako, uifungue mwenyewe, tuichemshe hapa."

Pembeni mwa duka Martha, muuza chai, alikuwa na jiko lake linawaka. Hakungoja kuombwa, aliondoa birika akasema, "Karibuni." Joshua alitaka kukataa, lakini watu walikuwa wameshazidi kumi, na mtu anayekataa kuchemsha dawa yake mbele ya watu kumi ameshajijibu. Alifungua chupa.

Hakuna kitu kirefu kama maji yanayosubiriwa kukauka. Watu walinunua chai wakingoja. Mmoja alisema ikitoka chumvi atainunua ya kuungia mboga. Mwingine akaapa kwamba Ulaya nako kuna visima. Katikati ya mzaha huo mzee mmoja mfupi alisogea mbele. Alikuwa Chediel, mwenye ofisi ya kuchapa barua upande wa pili wa barabara. Alisimama juu ya sufuria bila kucheka.

Maji yalikauka. Ukoko ukabaki, mweupe, wenye madoa ya buluu. Martha mwenyewe alikamua ndimu. Povu likapanda.

"Injinia," Chediel alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba, "mimi nimeinywesha kompyuta yangu buluu ya shuka tangu mwezi wa tano?"

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi ndani ya mabasi. Joshua hakucheka. Jasho lilimtoka, na safari hii hapakuwa na dawa ya kumpoza. "Kisima kiko nyuma ya duka," alisema mwishowe, anatazama viatu vyake. "Chupa za kweli zilikuja sita tu. Zilipokwisha, watu waliendelea kuuliza... nami..."

"Hawakukuuliza," Dorika alimkatiza. "Wangekuuliza, usingethubutu."

Kijana mmoja wa stendi alianza kukunja mikono ya shati. Dorika alimwona. "Hakuna ngumi hapa. Ngumi haipozi kompyuta. Joshua, nishushie kile cheusi."

Joshua alipanda ngazi mwenyewe. Alipokifuta vumbi, Dorika alikishika, akakitikisa karibu na sikio. Hakikuvuja wala kupiga kelele. Akatoa kamba yenye mafundo aliyopimia boksi la Eliana, akailaza juu ya rejeta. Ilikuwa shibiri moja na vidole viwili, fundo kwa fundo.

"Linaingia," alisema. "Chuma cha kukishikia juu ya prosesa ya binti kimo?"

"Kimo, mama. Aina zote tatu." Joshua alizipanga mezani.

"Feni inavuta vumbi ndani au inasukuma joto nje?"

"Nikiifunga hivi, inasukuma nje."

"Ifunge hivyo. Vumbi la Singida halihitaji kualikwa. Na pampu ikifa, atajuaje?"

Joshua aligusa mipira ya kile cheusi. "Atashika mipira miwili. Mmoja ukichoma na mwingine ukiwa wa baridi, maji hayatembei."

"Ala! Kumbe unajua," Dorika alisema.

Martha alicheka hadi akamwaga chai. Na Joshua, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, alitabasamu tabasamu lisilo la dukani. Alikichukua kile chenye taa na kutoa kile cheusi, bila nyongeza, akamrudishia Eliana na gharama ya chupa za buluu. Saa tano kilikuwa kimefungwa studio. Eliana aliwasha, akashika mipira miwili kama alivyofundishwa. Ilikuwa ya vuguvugu yote miwili, kama mikono ya watu wanaosalimiana. Dakika ya tisa ikapita. Ya kumi na moja ikapita. Ya arobaini ikapita. Jua lilipoanza kuinama filamu ilikuwa imeiva, na CD ilikuwa mezani, ina joto kama andazi.

Alhamisi saa nne asubuhi, katika ukumbi wenye viti vya kukunja, televisheni iliwashwa. Mzee Alute akasimama tena juu ya jiwe la lambo, fimbo mkononi, akaanza kutaja. Alitaja jina, akataja na jiwe la mwenye jina. Wana na wajukuu wa waliotajwa walikuwa wamekaa nyuma ya Simoni, na kila jina lilipotajwa, mmoja alinyanyuka na kubaki amesimama. Filamu ilipokwisha hakuna aliyekuwa amekaa upande ule wa ukumbi. Mwenyekiti wa kamati aliifunga ile karatasi iliyosema lambo halina mwenyewe. "Wenyewe nawaona," alisema. Lambo likaandikwa kuwa mali ya kijiji, na jioni ile ng'ombe walikunywa maji yao wasijue kwamba lolote lilikuwa limetokea.

Eliana angali na kompyuta ile. Juu ya meza yake, palipokaa chupa ya buluu, sasa pana sufuria ndogo, na kila mteja anayeuliza ni ya nini hupewa hadithi bure. Mashineni kwa Dorika foleni imekuwa ndefu, maana wanawake wanakuja na debe la mtama pamoja na chupa za mafuta, dawa za mahindi na sabuni za maji, wanataka kujua zinajaribiwaje. Dorika huwaonyesha. Joshua naye bado ana duka, lakini hana usingizi mnono: wateja wake sasa huingia wakiuliza maji yanatokea wapi na yanakwenda wapi, na jiko la Martha liko pale pale pembeni, linawaka. Wiki mbili baada ya kisa cha sufuria, Joshua alileta mahindi ya mama yake kusagwa kwa Dorika. Alisimama mlangoni, akavua kofia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba," Dorika alijibu huku akiupokea mfuko. "Ile ya Jumamosi niliitikia kabla hujaitoa. Karibu."

Sasa wewe. Najua nyumbani kwako kuna chupa uliyoinunua kwa sababu ya rangi yake, na moyoni una swali ulilolimeza dukani kwa kuona haya. Usingoje kesho, kesho ndiyo iliyowala ng'ombe kumi na wanne. Inuka sasa hivi. Chukua sufuria, washa jiko, chemsha mpaka ikauke, kisha ubebe ukoko wako mchana kweupe, uite jirani, uupeleke kwa aliyekuuzia, umuulize mbele ya watu. Uliza na kuhusu josho. Uliza na kuhusu lambo. Atakucheka mwanzoni, mwache acheke, maji yanachukua muda kukauka. Yakishakauka utaona jasho linamtoka nani, nawe utashuhudia kwa macho yako kwamba mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani.